Betri ya akiba ya wito wa dharura: Tuulize kwanza nani ataitika

Katika magari mengi ya mtumba yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam na kupanda hadi nyanda zetu za juu, kipo kitufe kidogo karibu na taa ya darini, mara nyingi kikiwa chini ya kifuniko cha plastiki. Juu yake yameandikwa SOS au HELPNET. Wanunuzi wengi hukipita bila kukitazama. Wachache hukiona na kufurahi, kwa kuwa muuzaji amewaambia kwamba gari hilo hujiitia msaada lenyewe likipata ajali. Baada ya miezi michache taa nyekundu huwaka pembeni mwa kitufe, au maandishi ya onyo hujitokeza kwenye dashibodi, na fundi umeme husema: betri ndogo ya akiba imekufa, inunuliwe nyingine.

Suala hilo limefika pia mezani kwa kamati yetu ya msikiti hapa Mahongole. Gari linalobeba jeneza, linalopeleka wagonjwa hospitali na kuwasafirisha walimu wa madrasa lilinunuliwa kwa michango ya waumini, na taa yake nyekundu imewaka msimu huu wa baridi. Kila shilingi iliyomo katika mfuko wa gari hilo ni amana. Imo humo fedha ya mkulima wa mahindi, ya mama anayeuza viazi sokoni Makambako, na ya kijana wa bodaboda. Kwa hiyo hatukuona kuwa inafaa kulipa kabla ya kujua tunalipia nini, wala kukataa kabla ya kujua tunakataa nini. Tuliyojifunza tunayaweka hapa kwa faida ya kila familia yenye gari la aina hiyo, au inayokusudia kulinunua.

Betri hiyo ina kazi gani?

Nyuma ya kitufe hicho upo mfumo mzima. Lipo sanduku dogo la mawasiliano lenye laini ya simu iliyofungwa humo kiwandani. Ipo antena, kipo kipaza sauti na ipo spika. Sanduku hilo limeunganishwa na kifaa kinachofyatua mifuko ya hewa. Gari likigongwa kwa nguvu na mifuko ikafyatuka, sanduku hupiga simu lenyewe, hata kama wote waliomo ndani wamezimia. Mtu akiwa na fahamu anaweza pia kubonyeza kitufe kwa mkono wake. Pamoja na sauti, sanduku hutuma taarifa fupi: gari lipo wapi kwa mujibu wa setilaiti, lilikuwa likielekea upande gani, saa ngapi limepata ajali, na ni gari la namna gani.

Umeme wa kazi hiyo katika siku za kawaida hutoka kwenye betri kubwa ya gari. Tatizo ni kwamba betri hiyo kubwa, katika magari mengi, imewekwa mbele chini ya boneti, mahali pale pale panapopigwa kwanza magari yakigongana uso kwa uso. Yapo pia magari yanayokata yenyewe waya mkuu wa betri wakati wa ajali ili cheche zisiwashe moto. Hapo ndipo sanduku lingenyamaza katika dakika ile ile ambayo liliumbiwa. Betri ndogo ya akiba imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Haihitaji kuwa na nguvu nyingi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 144, inayohusu mifumo hii, inataka umeme wa akiba utoshe mazungumzo ya dakika 5, kisha dakika 60 za kungoja kupigiwa na waokoaji, na mwisho dakika nyingine 5 za mazungumzo. Ni kazi ya saa moja na dakika chache, mara moja tu katika umri wa gari, na pengine isitokee kamwe.

Lakini betri huzeeka hata isipotumika. Joto huichosha, baridi hupunguza uwezo wake, na kukaa muda mrefu bila kuchajiwa huiua. Vitabu vya mwongozo vya baadhi ya magari hutaja umri wa betri hii kuwa miaka isiyozidi 3. Ndugu msomaji, fanya hesabu. Gari lililotoka kiwandani miaka 9 iliyopita lilistahili kubadilishiwa betri hiyo si chini ya mara mbili kabla halijapandishwa melini. Likishakaa yadi, kisha baharini wiki kadhaa, kisha bandarini, na mwisho likapanda Makambako penye baridi ya mwezi wa Juni na Julai, si ajabu taa nyekundu ikawaka. Ajabu ingekuwa isiwake.

Wito unakwenda kwa nani?

Hadi hapo maneno ya fundi ni sahihi: betri imekufa, na dawa ya betri iliyokufa ni betri mpya. Lakini betri ni kiungo kimoja tu cha mnyororo. Viungo vingine ni laini iliyo hai, mtandao unaoipokea laini hiyo, kituo chenye mtu wa kuitika, na gari la kumleta mwokoaji. Kikikosekana kimoja, vingine havina kazi.

Huduma ya HELPNET ilianza nchini Japani mwaka 2000. Simu yake huenda kwenye kituo cha Kijapani, ambako mhudumu huzungumza na dereva kisha kuwajulisha polisi au zimamoto wa eneo husika la Japani. Huduma hiyo huenda kwa mkataba wa mwenye gari, na hupita katika mitandao ya simu ya nchi ile. Gari likishauzwa nje, hakuna tena mkataba, na hakuna mtandao wa nyumbani wa kuipokea laini iliyomo. Zaidi ya hayo, hata huko Japani kwenyewe magari ya zamani yamepoteza huduma. Kampuni ya simu ya KDDI ilizima mtandao wake wa 3G mwishoni mwa Machi 2022, na masanduku yaliyojua 3G peke yake yakabaki bubu. Marekani nako, mitandao ya 3G ilipozimwa mwaka huo huo wa 2022, magari mengi yaliachwa bila wito wa dharura ingawa betri zake zilikuwa nzima.

Magari yaliyotoka Ulaya yana mfumo unaofanana na huo, uitwao eCall. Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa kuuzwa katika Umoja wa Ulaya inalazimika kuwa nao. Mfumo huo hupiga namba 112. Kwa kuwa 112 ni namba ya dharura ya polisi hapa Tanzania pia, wapo wanaodhani kwamba gari kama hilo litajiita lenyewe hadi kituo cha Makambako. Namba zimefanana, lakini mnyororo mzima ulijengwa kwa ajili ya vituo vya Ulaya vyenye mitambo ya kuzisoma zile taarifa za mahali na mwelekeo. Familia isitie roho zake rehani kwa mfanano wa tarakimu tatu.

Katika kikao chetu, jambo hili lilielezwa kwa maneno mengi ya kiufundi hadi baadhi ya wazee wakaanza kusinzia. Ni mama mmoja wa jumuiya ya wanawake aliyelifupisha. Aliuliza hivi: "Katibu, mwanangu, huyo atakayeitika huko yuko wapi, na anasema lugha gani?" Alipojibiwa kwamba mwitikaji yuko Japani, na kwamba mkataba wa kumwita umekwisha siku nyingi, alisema: "Basi mnataka kumnunulia chakula mbwa aliyekwisha kuhama." Watu walicheka, lakini hoja ilikuwa imefika.

Basi isibadilishwe kabisa?

Hatusemi hivyo. Tunasema kila mtu ajue anachonunua. Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Ulaya bara au Japani, ambako mnyororo wote u hai, taa hiyo ikiwaka wasiipuuze hata wiki moja. Huko betri ndogo ni tofauti kati ya kuokolewa na kutojulikana ulipo. Wakiitwa na gereji kubadilisha, waende.

Kwa sisi tulio huku, betri mpya itazima taa. Haitaleta mwitikaji. Taa hiyo haizuii injini kuwaka wala breki kushika. Mwenye uwezo anayetaka dashibodi yake iwe safi ana haki yake, mradi asiambiwe kwamba amenunua uokozi. Na kwa yeyote atakayeamua kubadilisha, yapo mambo ya kuzingatia.

Kwanza, ahakikishe ni betri ipi. Gari la siku hizi lina betri ndogo kadhaa: ipo ya ufunguo wa rimoti, ipo ya king'ora cha wizi katika baadhi ya magari, na yapo magari yenye betri ya pili ya kusaidia injini izimwayo na kuwashwa yenyewe kwenye foleni. Onyo la moja lisichukuliwe kuwa la nyingine. Gari lipimwe kwa kompyuta, na fundi aonyeshe kosa lililosomwa kabla ya kutaja bei.

Pili, kazi hiyo isifanywe na mtu wa kubahatisha. Sanduku la mawasiliano limejirani na nyaya za mifuko ya hewa, na mfuko ukifyatuka mikononi mwa fundi unaweza kumvunja mkono au kumpofua. Gari lizimwe, waya hasi wa betri kubwa ufunguliwe, na usubiriwe muda uliotajwa katika kitabu cha gari kabla ya kugusa soketi yoyote.

Tatu, betri iwe ya aina na volti ile ile, yenye soketi yake. Kuunganisha seli za tochi au za kompyuta ya zamani kwa kulehemu ni kuweka moto ndani ya dashibodi. Betri iliyovimba isirudishwe. Iliyotolewa isitupwe jalalani wala motoni, na isiachwe mahali ambapo watoto wataichezea.

Nne, sanduku lenyewe lisichomolewe kwa hasira. Katika baadhi ya magari spika, kipaza sauti cha simu na ukaguzi wa mifuko ya hewa vimepitishwa humo, na atakayeling'oa huenda akawasha taa nyingine iliyo nzito kuliko ile ya kwanza.

Wito unaoitikiwa hapa kwetu

Baada ya kuyafahamu hayo, swali la kamati lilibadilika. Likawa: gari letu likipata ajali usiku, au likikwama na mgonjwa ndani, wito wetu sisi uko wapi, na betri yake ya akiba ni ipi?

Makambako ni njia panda. Hapa barabara kuu iendayo Mbeya na mpakani Tunduma inaachana na ile ya kwenda Njombe na Songea. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana, na asubuhi za kipupwe ukungu hufunika barabara. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Makambako. Katika mazingira hayo, wito wa dharura ni jambo la kila kaya, iwe ina gari au haina.

Namba za kuita zipo, na wapo wa kuitika. Polisi hupigiwa 112. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114, na kazi yake ni pamoja na kuwatoa watu waliobanwa katika magari. Mama mjamzito aliyepata shida, aliyetoka kujifungua, au mtoto mchanga aliye hatarini, ana namba yake mahususi ya bure, 115, chini ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha huita gari la wagonjwa. Likikosekana la karibu, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mtu wa kawaida mwenye gari lake, naye hulipwa baada ya kumfikisha mgonjwa kituoni.

Tuutazame vizuri mpango huo, maana una viungo vyote tulivyovitaja: mpigaji, mtandao, mwitikaji na usafiri. Tofauti yake na kitufe cha darini ni kwamba mnyororo wake umefungwa hapa hapa, kwa lugha tunayoisema. Sanduku lake la mawasiliano ni simu ya mkononi ya baba, ya mama au ya binti aliye nyumbani. Na simu hiyo nayo ina betri.

Hapo ndipo familia nyingi zimelala. Tunajua nyumba ambazo simu pekee yenye salio huondoka na baba alfajiri, na mama mwenye mimba ya miezi minane hubaki na simu iliyozima chaji tangu jana. Tunajua madereva ambao simu huwafikisha safari ya usiku ikiwa na chaji ya kumalizia, kwa sababu mchana kutwa ilikuwa ikitazamiwa mpira. Katika nyumba hizo wito wa dharura umekufa, na hakuna taa nyekundu inayowaka kuwaonya.

Kwa hiyo tunazihimiza familia zijiwekee akiba ya aina yao. Pawabenki moja iliyojaa ikae mahali panapojulikana, isiguswe kwa michezo, na ijazwe upya kila Alhamisi jioni, siku ambayo watu wengi hujiandaa kwa Ijumaa na hawataisahau. Wakati wa baridi kali, simu na pawabenki visiachwe ndani ya gari usiku kucha, kwa kuwa baridi hunyonya nguvu yake. Namba za 112, 114 na 115, pamoja na za jirani mwenye gari na za zahanati, ziandikwe kwa wino ukutani. Simu ikizimika, namba zilizohifadhiwa ndani yake huzimika nayo. Karatasi ukutani haihitaji chaji.

Mfumo wa gari hutaja mahali kwa setilaiti. Sisi tutaje kwa ulimi. Kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma afundishwe kusema jina la mtaa au kitongoji chao, shule au kanisa au msikiti ulio karibu, na njia ya kuingilia kutoka barabara kuu. Dereva naye azoee kusoma vibao vya kilomita vilivyo kando ya barabara, ili akipiga simu aseme amepita kibao gani na anaelekea wapi. Aliyeumia kilomita tano nje ya mji, halafu akaelekezwa kwamba yuko "pale kwenye miti", atatafutwa kwa muda mrefu kuliko anaoweza kuusubiri.

Tulivyoamua

Kamati imeamua kuwa fedha iliyoombwa kwa ajili ya betri ya wito isitumike kwa betri hiyo. Imetengwa kwa mambo manne: betri kubwa ya gari ipimwe na ibadilishwe ikiwa dhaifu, kwa kuwa gari lisilowaka saa nane za usiku halimfikishi mgonjwa popote, vinunuliwe pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza, liwekwe pawabenki la gari, na iandaliwe orodha ya madereva wanaokubali kuamshwa usiku, itakayobandikwa mlangoni mwa msikiti na ofisi ya mtendaji wa mtaa. Orodha hiyo haiulizi dini ya dereva wala ya mgonjwa. Jirani ni jirani, na haki yake tunaijua.

Kuhusu taa nyekundu, tumeiacha iwake. Dereva amebandika kando yake kipande cha karatasi chenye namba tatu zinazoitikiwa Tanzania, kwa maandishi makubwa yanayosomeka hata kwa anayetetemeka.

Dini yetu imetufundisha kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kushika sababu, na kushika sababu ni pamoja na kuijua sababu iliyo hai na iliyokufa. Kabla hujalala usiku wa leo, ewe mzazi, itazame simu itakayobaki na watu wako kesho asubuhi. Kama chaji imepungua, uichomeke sasa.

Wabillahi tawfiq.